Bi Mkubwa wa Ghorofani

Siku ile hekaluni palikuwa hapatoshi. Ilikuwa siku ya saba ya mwezi wa saba, sikukuu ya wapendanao, na mji mzima wa Tainan, kule Taiwan, wenye wachumba na wasio nao, ulikuwa umejazana mbele ya Mzee wa Mwezini, yule mungu mwenye ndevu nyeupe anayewafunga watu kwa uzi mwekundu. Moshi wa udi uliwatoa watu machozi kabla hata hawajaanza kuomba. Wasichana waliovaa wakavalika walisukumana wapate uzi, na akina mama waliochoka kulea mabinti wakubwa waliwasukuma kwa nyuma. Katikati ya vurugu hiyo, juani, alisimama Tsai Pei-rong, gauni la kitani rangi ya majani mabichi, miwani imemteleza puani, na kifuani bango la kadibodi: UMEPENDA? TUAZIME UBONGO WAKO DAKIKA AROBAINI.

Watu walisoma, wakacheka, wakampiga picha, wakapita.

Pei-rong alikuwa na miaka thelathini na mmoja, daktari wa vitabu, si wa sindano. Kazi yake pale chuo kikuu ilikuwa kuwaingiza wapenzi kwenye mashine ya MRI, kuwaonyesha picha za wawapendao, na kuangalia ni sehemu gani ya ubongo inayowaka. Kwa nini alichagua kazi hiyo? Ukimuuliza atakujazia habari za homoni mpaka ujute. Ukweli ni kwamba alipokuwa na miaka kumi na miwili, baba yake alikunywa uji asubuhi, akausifu, akahamia kwa mwanamke mwingine mji wa Taichung, asirudi tena. Mama yake mpaka leo huuliza, "Ningejuaje?" Pei-rong alitaka kujua mtu anajuaje. Alitaka kipimo cha mapenzi ya kweli, na aliapa hatampa mwanamume yeyote moyo wake kabla hajakipata.

"Dada, unamnyang'anya Mzee wateja wake hapahapa mlangoni kwake? Huogopi?"

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu, fulana nyeupe imemganda mgongoni kwa jasho, aproni imejaa unga, kandambili za buluu miguuni, na mikononi masanduku saba ya keki za uchumba yamepangwa mpaka kidevuni. Waliofanikiwa kuoana huwa wanamletea Mzee keki za shukrani, na huyu ndiye mwokaji aliyezipeleka.

"Simnyang'anyi," Pei-rong akamjibu. "Yeye anafunga uzi. Mimi naangalia fundo limekaa wapi."

"Ukishaliona?"

"Najua kama limekaza au ni la uongo."

"Loo! Na ukimkuta mtu lake la uongo, si utakuwa umemvunjia nyumba?"

"Bora ivunjike leo kuliko baada ya watoto wawili."

Kijana akacheka mpaka masanduku yakayumba. Pei-rong akaliwahi la juu kabisa, na vidole vyake vikagusa kidevu chenye moto wa tanuri. Wote wawili wakasema "samahani" kwa pamoja.

"Naitwa Hsieh Bo-yan. Duka langu liko nyuma ya soko."

"Pei-rong. Una mpenzi?" Akaona haya papo hapo. "Nauliza kwa ajili ya utafiti!"

Bo-yan aliangalia ule moshi wa udi, muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Mimi siingii kwenye fomu yako, Daktari," akasema. "Lakini supu ya ng'ombe unakunywa?"

Nani Tainan hanywi supu ya ng'ombe? Kesho yake alfajiri walikaa kwenye viti vifupi vya plastiki, mabakuli yanafuka mvuke, nyama nyekundu bado inaivia ndani ya mchuzi, na Bo-yan akimchokoza.

"Kwa hiyo mimi nikikuona moyo ukapiga, hiyo ni nini?"

"Damu inakimbia. Inaweza kuwa njaa."

"Nimeshakula bakuli mbili."

"Basi hofu. Wenzetu waliwahi kuwasimamisha wanaume kwenye daraja la kamba linaloyumba, juu ya bonde refu, wakakutana na dada mmoja mzuri. Wakadhani wamempenda. Kumbe walikuwa wanaogopa kuanguka."

"Hapa hakuna daraja, Daktari."

"Kula supu."

Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ndani ya miezi miwili dada Chiu-hui, fundi wa mashine pale maabara, alishajua, maana Pei-rong alianza kuimba kwenye korido na kuvaa hereni kazini. Simu nazo zilikuwa hazikatiki.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimekula. Nimekukumbuka."

"Hiyo ni dopamini tu, Bo-yan."

"Basi dopamini inakusalimu. Inauliza jioni utakuwa wapi."

"Vitabu vinasema moto wa kwanza unadumu mwaka mmoja na nusu, ukizidi sana mitatu."

"Halafu?"

"Halafu ukibahatika, inaingia zamu ya homoni nyingine. Ya utulivu."

"Mbona hilo sisi waokaji tunalijua! Keki haiivi kwa moto mkali."

Basi Pei-rong alikuwa anacheka peke yake, simu sikioni, watu wanamshangaa. Alimpenda. Wacha niseme wazi maana yeye mwenyewe alichukua muda kulisema: alimpenda yule mwokaji mpaka alipokuwa anafunga macho alisikia harufu ya siagi.

Ila kulikuwa na mambo. Miezi minane, hajawahi kupandishwa ghorofani pale dukani. "Juu ni stoo ya unga," Bo-yan alisema, na akabadilisha maneno. Kila tarehe mosi na kumi na tano za kalenda ya kale ya mwezi, siku za kufukiza udi, simu yake haikupatikana mpaka adhuhuri. Mashati yake yalinukia udi. Na mara moja, wakiwa wawili tu, Pei-rong alimwona akimimina chai vikombe vitatu, kisha kimyakimya akaimimina ya kikombe cha tatu tena kwenye birika. Mwanamke mwingine angeuliza. Pei-rong, aliyelelewa na mama ambaye hakuwahi kumuuliza mumewe kitu, akasema moyoni, mashine itanijibu.

"Ni marufuku kumpima mtu wako mwenyewe," Chiu-hui alimwambia. "Na mganga hajigangi."

"Nitampima mimi au wewe? Wewe utaendesha mashine. Mimi nitasoma tu matokeo, tena bila kujua picha ipi ni ya nani. Haki kabisa."

"Haki ya wapi hiyo!" Lakini Chiu-hui alikuwa na huruma kuliko msimamo, akakubali.

Bo-yan alikubali pia, na hapo ndipo palipokuwa na ajabu, maana Pei-rong alitarajia vita. Fomu ilimtaka kila mtu alete picha mbili: ya umpendaye, na ya mtu mwingine unayemfahamu miaka mingi, wa jinsia hiyohiyo na umri wa karibu, ambaye hakuna mapenzi baina yenu. Bo-yan alileta bahasha mbili zimefungwa kwa gundi. Chiu-hui akarusha sarafu, moja akaiita A, nyingine B. Bo-yan akavua saa na mkanda, akalala, akaingizwa kwenye tundu la mashine, na mashine ikaanza kugonga.

Jioni ile matokeo yalitoka. Kwenye A, hakuna la kusisimua. Kwenye B, mama yangu! Ile sehemu ndogo ya katikati, ambayo Pei-rong alikuwa ameitazama kwenye vichwa vya watu mia na themanini, iliwaka kuliko alivyowahi kuona. Akarukaruka mbele ya kompyuta. Akamkumbatia Chiu-hui. Akaweka mikono kinywani akalia kwa furaha.

"Ni mimi! Dada, ona anavyoniwakia! Fungua bahasha tuone, fungua!"

Chiu-hui akafungua B. Akaiangalia ile picha, akakaa chini.

Hakuwa yeye. Alikuwa msichana mwingine, nywele zimekatwa usawa wa nyusi, amevaa blauzi ya manjano, anacheka na kijiko cha barafu mdomoni. Pei-rong ndiye aliyekuwa A.

Bo-yan alikuwa kwenye korido akingoja majibu, anafunga kamba za viatu. Pei-rong alimsimamia na ile picha mkononi.

"Huyu nani?"

"Mashine imesema nini?" Bo-yan akauliza taratibu.

"Nimekuuliza huyu ni nani!"

"Mke wangu."

Pei-rong akashika ukuta. "Umeoa? Miezi minane unanilisha supu, kumbe umeoa?"

"Anaitwa Ong Wan-ru. Amekufa, ni miaka sita sasa."

Pei-rong akaitazama tena ile picha. "Sasa... sasa kwa nini hukuniambia kwamba umefiwa na mke?"

"Kwa sababu sikufiwa na mke. Nilifiwa na mchumba. Ndoa ilikuja baadaye."

Mtu wa Tainan haelezwi jambo hilo mara mbili. Binti akifa hajaolewa, hana nafasi kwenye madhabahu ya ukoo wa baba yake. Jina lake halina pa kuwekwa wala pa kufukiziwa udi. Mama yake humwota analalamika baridi. Ndipo hutafutwa mwanamume wa kumwoa hivyohivyo, mwanasesere wa karatasi akavishwa shela, na kibao cha mti chenye jina lake kikapelekwa kwa mume kwa heshima zote za bibi harusi. Akishaingia ameingia. Mwanamke yeyote atakayekuja baada yake, hata awe na shahada za kujaza ukuta, anakuja kama bi mdogo.

"Ndiyo stoo ya unga," Pei-rong akasema.

"Ndiyo."

"Na picha yake uliileta ya nini? Kunidhihaki?"

"Fomu ilisema mtu unayemfahamu miaka mingi na ambaye humpendi kimapenzi." Macho ya Bo-yan yalikuwa yamejaa maji. "Nilitaka mashine iniambie nimepona. Nilidhani itaniambia, halafu nitakuja kwako na habari nzima, niko huru."

"Haikusema hivyo."

"Naona usoni mwako, Pei-rong."

Alimwacha pale na kiatu kimoja hakijafungwa.

Wiki tano zilipita. Simu iliita, akaiangalia ikiita. Ujumbe ulikuja: *Umekula?* Halafu: *Najua hutaki kujibu. Kula tu.* Halafu siku moja: *Nimepita maabara, nimekuacha uendelee na kazi.* Alikuwa akilia chooni, akinawa, akirudi kufundisha. Kipimo alichokitafuta tangu utotoni alikuwa amekipata, na kimemwambia mwanamume anayempenda ni wa mwingine. Tena mwingine asiyezeeka, asiyekoroma, asiye na siku mbaya. Mke mwenza aliye hai utamsuta, mtapigana, mtachoka. Aliyekufa utamfanya nini?

Siku ya Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, taa za maabara zilizimwa kama kawaida ili watu wapumzike, kila mtu kichwa juu ya meza yake, mto mdogo chini ya shavu. Pei-rong akasinzia. Akaota yupo palepale, mezani, na kwenye kiti cha jirani amekaa msichana anachana nywele. Zilikuwa zinadondosha maji, tone, tone, kwenye fomu za utafiti. Mguu wa kulia una kiatu chekundu cha harusi. Wa kushoto ni mtupu, vidole vimebabuka kwa baridi.

"Umemaliza kunipima?" msichana akauliza.

Pei-rong akanyoosha mkono kuzikinga fomu.

"Nasikia baridi hapa," msichana akasema, akaendelea kuchana.

Aliamka amekunja ngumi, shingo imelowa. Ni jasho, akajiambia, ni usingizi wa mchana, ni ubongo unachanganya mafaili. Alikuwa anaweza kutaja sehemu ya ubongo inayotunga ndoto. Lakini fomu za juu kabisa zilikuwa zimelowa, na chupa ya maji iliyokuwa karibu ilikuwa imefunikwa. Akasimama akaenda moja kwa moja kwa Chiu-hui, akamwaga yote, ndoto na machozi.

Chiu-hui alimsikiliza. Halafu akampiga kofi dogo la begani.

"Wewe ndiye unayewafundisha watoto wa mwaka wa kwanza, au ni mwingine? Si unawaambia mapenzi yanaiwasha sehemu ile, ila sehemu ile kuwaka si lazima yawe mapenzi?"

"Najua, lakini..."

"Unajua nini! Ukaisoma kinyumenyume, kosa lilelile unalowafelishia wenzako. Inawaka kwa mvutaji aliyenyimwa sigara. Inawaka kwa mwenye kiu. Inawaka kwa kinachotakiwa na hakipatikani. Wewe unapatikana, Pei-rong. Ulikuwa unakunywa naye supu kila asubuhi. Akuwakie kama kiu, ana kiu nawe?"

"Na picha yangu je? Hakuna kitu."

"Uliangalia? Uliangalia sehemu moja ukakimbia." Chiu-hui akafungua kompyuta, akaonyesha kwa kidole. "Tazama zile sehemu za hofu. Kwa msichana yule zimechachamaa zote. Kwako zimelala. Alipokuona wewe, mtu huyu alipumzika."

Pei-rong alisogea karibu mpaka pua ikakaribia kioo. "Ndiyo mapenzi hayo?"

"Sijui. Na mashine haijui. Kamuulize mwenye kichwa chake."

Pei-rong alikwenda dukani jioni ileile na koti la maabara mwilini. Bo-yan alikuwa anapanga keki, akamwona, trei ikamgonga goti.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nipandishe juu," Pei-rong akasema.

Ngazi zilikuwa nyembamba. Juu palikuwa chumba safi, dirisha moja, madhabahu ndogo ya mti mwekundu, matunda mabichi, na kibao chenye jina, hakizidi urefu wa kiganja. Pembeni yake kikombe cha chai. Bo-yan akawasha udi, akasimama kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Niambie ilivyokuwa," Pei-rong akasema. "Yote. Usinipimie."

"Viatu vyake vya harusi vilikuwa vinabana, alivipeleka kwa fundi. Siku ya kuvichukua mvua ikanyesha. Akanipigia nimfuatie viatu. Tulikuwa tumegombana kwa kitu cha kijinga, idadi ya meza za wageni. Nikamwambia, kavichukue mwenyewe, una miguu." Akakisogeza kile kikombe cha chai. "Akaenda na pikipiki yake. Lori la mchanga. Kwenye simu neno la mwisho alilolisikia kwangu ndilo hilo. Mama yake alipokuja kuniomba nimwoe, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Watu wakanisifu, eti mapenzi ya kweli. Pei-rong, mimi nilikuwa naogopa tu. Miaka sita nikipanda hapa naogopa."

"Na viatu?"

"Kimoja alikutwa nacho mguuni. Nadhani alivijaribu palepale kwa fundi, akaondoka navyo. Kingine hatukukiona. Tulitafuta mtaroni siku tatu."

"Cha mguu gani?"

"Cha kushoto. Kwa nini?"

Vinyweleo vilimsimama mwili mzima. Akaangalia kile kibao, na kibao kikamwangalia. "Hakuna," akasema. Hakumwambia Bo-yan ile ndoto, na mpaka leo hajamwambia.

Alichomwambia ni hiki: "Unanipenda?"

"Unataka kunipima tena? Niko tayari. Nitalala humo hata wiki nzima."

"Sitaki mashine. Nimekuuliza wewe."

"Nakupenda. Ukiwa hupo, nasahau kula, halafu nakutumia ujumbe kwamba ule wewe." Akafuta uso kwa aproni, akajipaka unga puani. "Nataka kukuoa, Daktari wangu. Lakini siwezi kukuahidi chumba hiki kitupu. Na itabidi aombwe ruhusa. Yeye na mama yake."

Pei-rong alitamani kusema, ukiambiwa uchague kati yangu na yeye, utamchagua nani? Alilimeza swali lile, na lilimkwaruza likishuka.

Jumapili alikuja Mama Ong, mama yake Wan-ru, mwanamke mfupi wa blauzi ya maua, nywele zimepakwa rangi nyeusi jana yake. Alileta samaki aina ya mwatiko kutoka kwao na tangawizi, akaingia jikoni kwa Bo-yan bila kuonyeshwa njia, akaweka sufuria ya supu motoni. Pei-rong alikuwa amevaa gauni la rangi ya waridi iliyofifia. Jekundu, rangi ya bibi harusi, aliliacha kwa adabu.

"Ndiye wewe unayepima mapenzi?" Mama Ong akamuuliza, akimkagua toka juu mpaka chini.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa."

"Haya. Na sisi tuna kipimo chetu. Twende juu."

Kipimo chenyewe ni vipande viwili vya mti vyenye umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, mwingine wenye mgongo. Unauliza, unavirusha. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, umekubaliwa. Migongo yote ikiwa juu, umekataliwa. Na kwa jambo zito, kukubaliwa lazima kuje mara tatu mfululizo. Pei-rong alipiga magoti. Kichwa chake, kwa mazoea, kilishafanya hesabu: nafasi moja kati ya nane. Bahati tupu. Lakini akavishika vile vipande kwa mikono yote miwili.

"Wan-ru," akasema, "naomba uniruhusu niolewe na Bo-yan."

Akarusha. Migongo juu.

"Tena," Mama Ong akasema.

Akaomba tena kwa maneno yaleyale. Migongo juu. Bo-yan, aliyekuwa ameegemea ukuta, akateleza mpaka akakaa sakafuni.

"Mwanangu hajawahi kuwa mchoyo," Mama Ong akasema, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Akiwa mdogo alikuwa anagawa hadi sare zake za shule. Umemwomba kitu gani moyoni, binti? Mdomo nimeusikia."

Pei-rong akainama. Alijua. Mdomo ulisema niruhusu, moyo ulisema ondoka. Ondoka kwenye kile kichwa, ondoka kwenye nyumba hii, niachie mtu wangu peke yangu. Ndicho alichokitaka tangu alipoiona ile picha, na kwa kweli tangu siku baba yake alipousifu uji: mwanamume asiye na mwingine popote, hata kaburini. Aliona sasa kwamba mwanamume huyo hayupo, na kwamba aliyekuwepo amekaa sakafuni nyuma yake, unga puani, anamngoja. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Nimesema uongo," akaanza, sauti kubwa wote wasikie. "Nilitaka uondoke. Nilitaka akusahau. Nakuonea wivu, Wan-ru, na wewe umekufa, unaona upumbavu wangu? Sikuombi tena uniachie. Nakuomba tukae. Wewe ndiye wa kwanza, utakula kabla yangu, na udi nitakufukizia mimi kwa mkono wangu. Na nitakutafutia viatu, jozi nzima, usisikie baridi. Nipokee niwe mdogo wako. Dada."

Hapo Mama Ong alimgeukia ghafla. Hakuna aliyemwambia Pei-rong habari za ile baridi ya kwenye ndoto zake yeye mama.

Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi.

Akarusha. Hivyohivyo.

Ya tatu, kipande kimoja kilizunguka sakafuni muda mrefu mno, kikagonga mguu wa madhabahu, kikalala. Bo-yan ndiye aliyekiangalia kwanza, akaona wamekubaliwa, akalia kwa sauti, mtu mzima yule. Alimjia Pei-rong kwa magoti, akamshika mikono yote miwili, wakabaki hivyo, mbele ya yule mwingine.

Mama Ong alifuta macho kwa ncha ya blauzi, akatangulia kushuka. Walimsikia jikoni akifunua sufuria, akipanga mabakuli. Harufu ya tangawizi ikapanda ngazi. Kwa desturi, bi mdogo wa binti aliyekufa anakuwa binti wa wazazi wa marehemu, na Pei-rong alilijua hilo, alikuwa amelisoma, aliweza hata kulifundisha. Aliinuka, akajikung'uta gauni.

"Wan-ru!" Mama Ong akaita kutoka chini, sauti nyepesi ya mtu aliyekwisha kuita hivyo maelfu ya mara. "Wan-ru mwanangu, shuka ule, supu inapoa!"

Bo-yan akakauka. Chini, jikoni, kijiko kilinyamaza. Mama mwenyewe alikuwa amesikia jina aliloliita. Ghorofani udi ulipanda wima bila kuyumba, na Pei-rong akahisi ubaridi wa maji ukimpita unyayo wa kushoto.

"Abee, mama," akaitika. "Nashuka."